Yule mwimbaji ni daktari wa nini? Namna ninavyoandaa mazungumzo ya Jumamosi

Nilianza kwa kukosea, tena mbele ya watu. Ilikuwa Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, kwenye ua wa parokia yetu huku Katuba, Lubumbashi. Bafle, yaani spika, imefunguliwa, vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki, wazazi wachache wamesimama ukutani. Nikawatangazia bila kusita kwamba marehemu Dr Remmy Ongala alikuwa msomi mkubwa, daktari kabisa, ila muziki ulimfunika. Watu wakapiga makofi. Hapo mzee mmoja mwenyeji wa Kindu akainua mkono taratibu.

"Mama mwalimu," akasema, "huo udaktari aliuchukua chuo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliona lile "Dr" kwenye jalada la kaseti, basi. Mzee hakunicheka. Alieleza kwa upole kwamba Remmy alizaliwa kwao Kindu mwaka 1947, akavuka kwenda Tanzania, akaimba na Orchestra Makassy halafu na Super Matimila, na kwamba udaktari ule alivishwa na wapenzi wa muziki wake. Ni heshima ya wasikilizaji, si karatasi ya chuo. Usiku ule nilichelewa kulala.

Mazungumzo hayo sikuyaacha. Nayafanya kila mwezi, na karibu kila mara somo ni lile lile: mwanamuziki tunayemjua kwa dansi, ambaye nyuma ya dansi ana elimu au sanaa nyingine tusiyoitegemea. Nalipenda somo hili kwa sababu mimi ni mwalimu wa solfeji, yaani kusoma na kuimba noti, na watoto wa kwaya huiona solfeji kama adhabu. Wakisikia kwamba mtu wanayemcheza harusini alikaa miaka mbele ya piano akihesabu moja-mbili-tatu kama wao, wanarudi kwenye daftari bila kuitwa. Lakini habari yenyewe iwe ya kweli. Mtoto uliyemdanganya kwa kumtia moyo, siku akigundua, hatakuamini hata kwenye do-re-mi. Kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya, kwa ndugu au dada anayetaka kuanzisha jambo kama hili shuleni kwake, parokiani au mtaani.

Vua cheo kwanza

Muziki wetu wa Kongo umejaa vyeo: Grand Kallé, Seigneur Rochereau, Grand Maître Franco, Docteur Nico. Ni vyeo vitamu na sipendi kuvifuta, ila kabla ya kusema lolote ninaandika cheo kwenye daftari na kando yake swali: nani alikitoa?

Chukua Docteur Nico. Nicolas Kasanda, mzaliwa wa Mikalayi huko Kasai, mwaka 1939. Udaktari wake ulikuwa wa gitaa. Waliomsikia ndio waliompandisha. Hospitali hakuna, tasnifu hakuna. Sasa usiishie hapo, maana wengi wakishavua cheo hujiona wameshinda na kwenda zao. Endelea kuchimba. Chini ya udaktari ule wa mashabiki kuna cheti cha kweli: mwaka 1957 Nico alimaliza masomo ya ualimu wa ufundi. Mwalimu wa ufundi! Kwangu mimi habari hii ni nzuri kuliko daktari wa kubuniwa. Hapa Lubumbashi ni nani asiye na baba, mjomba au babu aliyepitia mafunzo ya ufundi ya kampuni ya migodi ya Gécamines, au ya Union Minière kabla yake? Nilipoisema, vijana wawili wanaosoma shule ya ufundi, ambao huja kwa ajili ya dada zao tu, walivuta viti mbele.

Ndiyo sababu nakuambia, ukweli wa mtu ukiuchimba mara nyingi unakuwa mdogo kuliko sifa yake, lakini unamkaribia msikilizaji zaidi.

Wapi, mwaka gani, na je, alimaliza?

Haya ndiyo maswali yangu matatu, na la tatu ndilo linaloangusha wengi. Kiswahili chetu kinasema "alisoma chuo fulani" na neno hilo linabeba kila kitu, kuanzia aliyekaa mwezi mmoja hadi aliyetoka na joho. Lakini huku tunajua tofauti: mtu aliyefika G2, mwaka wa pili wa chuo, akaacha, hata mama yake hasemi kwamba ana graduat, ile shahada ya kwanza. Basi watendee wanamuziki hivyo hivyo. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, aliingia chuo cha London School of Economics, na kundi lake lilipoanza kushika, akaacha. Sema "alianza masomo ya uchumi akaacha". Sentensi hiyo haimvunjii heshima.

Brian May, mpiga gitaa wa Queen, kundi la roki la Uingereza, ni mfano wa upande wa pili, na huyu mpe muda. Alianza utafiti wa udaktari katika fizikia ya nyota pale Imperial College, London, mwaka 1970. Mwaka 1974 Queen ikapaa, naye akaweka karatasi zake kando. Zaidi ya miaka 30 ikapita. Kisha akarudi, akaimaliza kazi ile, na mwaka 2007 akapewa udaktari wake, wa kuusomea. Tasnifu yake inahusu mwendo wa vumbi lililotanda kati ya sayari, lile linalong'aa kwa mwanga wa jua.

Namna ya kulieleza hilo Katuba? Niliwaambia wakumbuke mwezi wa 8, kiangazi kimekauka, vumbi jekundu limejaa hewani, na asubuhi mwale wa jua unapita kwenye tundu la bati. Nje ya mwale huoni vumbi. Ndani ya mwale unaona chembe moja moja, zinapanda na kushuka. Niliwaambia: sasa chukua mwale huo, uufanye mkubwa kama njia ya dunia kuzunguka jua, na Brian May alikuwa akipima zile chembe zinakwenda kasi gani, zinaelekea wapi. Kulikuwa kimya. Kisha mama mmoja akauliza kama vumbi lile la mbinguni nalo huingia kwenye sufuria. Nikamwambia kwamba lipo kweli, na chembe zake nyingine huanguka duniani.

Kumbuka pia kwamba kuna shahada ya kusomewa na shahada ya heshima. Zote mbili zitaje, ila usizichanganye. Hapo ndipo ninapomleta Nina Simone.

Mwache mwanamuziki ajithibitishe kwa masikio ya watu

Karatasi peke yake inachosha. Watu wamekuja kusikia muziki, na elimu ya kweli ya mwanamuziki kwa kawaida inasikika. Kazi yako ni kuwaonyesha pa kusikiliza.

Nina Simone alizaliwa Eunice Waymon mwaka 1933, katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina, Marekani, mama yake akiwa mhubiri wa Kimethodisti. Tangu utotoni alifundishwa piano ya kina Bach, watunzi wa kale wa Ulaya, na ndoto yake ilikuwa kupiga muziki huo kwenye kumbi kubwa. Alisoma kwa muda chuo cha muziki cha Juilliard, New York, mwaka 1950. Mwaka 1951 akafanya mtihani wa kuingia Curtis Institute of Music, Philadelphia, na wakamkataa. Hadi mwisho wa maisha yake aliamini walimkataa kwa ajili ya rangi yake. Baadaye akapata kazi ya kupiga piano kwenye baa ya Atlantic City, akabadili jina ili mama yake mhubiri asijue binti yuko wapi usiku. Hilo jina la kujifichia ndilo tulilo nalo leo. Mwaka 2003 Curtis ikamtunuku shahada ya heshima. Siku chache baadaye akafariki, Ufaransa. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. Sihitaji kuongeza neno.

Kisha nacheza wimbo mmoja tu, "Love Me or Leave Me", alioupiga mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye albamu yake ya kwanza. Naucheza mara tatu, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Mara ya kwanza watu wasikilize wanavyotaka. Ni wimbo wa mapenzi, wa baa, miguu inagonga yenyewe. Mara ya pili, kabla sauti haijanyamaza na piano kubaki peke yake, gawa watu. Walio upande wa ukuta wafuate mkono wa kulia wa piano, noti za juu. Walio upande wa mwembe wafuate mkono wa kushoto. Waambie wanyooshe kidole hewani kila wanapousikia mkono wao ukisema jambo. Utaona vidole vya upande mmoja vinapanda, kisha vya upande wa pili vinafuata, kisha vyote vimo hewani pamoja na hakuna anayemwonea mwenzake. Mara ya tatu, kabla ya kucheza, waimbishe "Frère Jacques" kwa kanoni, kundi la pili likiingia baada ya la kwanza, jinsi kila mtoto aliyepita shule ya masista anavyojua. Halafu rudisha Nina.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, msichana wetu mmoja wa alto alisimama kabisa. "Mama, mkono wa kushoto unajibu ule wa kulia kama sisi kwenye kanoni!" Ndivyo. Ni ufundi wa Bach huo, sauti zinazofuatana na kushikana, na Nina aliutia katikati ya wimbo wa baa. Sikuhitaji kuwaambia kwamba alikuwa msomi wa piano. Walimshika wenyewe.

Usidhani elimu ya juu hutoka Poto (Ulaya) tu

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaoandaa mazungumzo kama yangu. Wakisikia "kipaji cha juu" mawazo yao yanakwenda Ulaya moja kwa moja: violini, opera, mashairi ya Kifaransa. Mimi sina ugomvi na opera. Lubumbashi imemlea Serge Kakudji, anayeimba opera kwa sauti ya kontratenor, ile ya juu kabisa ya mwanamume, na namtaja kwa fahari. Lakini ukiishia hapo utawafundisha watoto kwamba babu zao hawakujua kitu.

Jean Bosco Mwenda ni wa Katanga, wa ukoo wa Bunkeya, alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimrekodi pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo uitwao "Masanga" ukasafiri dunia nzima. Gitaa moja, mtu mmoja, kidole gumba kwenye nyuzi za chini na kidole cha shahada kwenye nyuzi za juu. Basi.

Nilijaribu kuuandika kwa solfeji, mimi na kijana wetu mpiga gitaa. Usiku wa kwanza tuliandika besi peke yake, nikajiona hodari. Usiku wa pili tukaweka sauti ya juu, na kila kitu kikavurugika. Mguu wangu ulikuwa unahesabu tatu huku kichwa kinadai mbili. Tukicheza polepole tunaelewa. Tukirudi kwenye mwendo wake, sauti ya juu inaingia pale ambapo kalamu yangu imeweka kimya. Kijana akafunga jicho, akaweka daftari chini, akasema, "Mama, usihesabu. Sikiliza gumba linatembea, na mwenzake anaongea juu ya mgongo wake." Tulifuta, tukaanza upya. Baadaye nikajua kwamba hatukuwa peke yetu: mtaalamu David Rycroft alichapa makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, akiandika kwa noti kile Mwenda alichokuwa akifanya kwa vidole viwili. Makala mbili za kitaaluma kwa ajili ya gitaa moja la Katanga. Hiyo nayo ni elimu ya juu, na ukiionyesha kwa namna hii, kwa ubao na chaki, hakuna atakayebisha.

Papa Wemba naye mtaje hapa. Mama yake alikuwa mwimbaji wa vilio, yule anayeitwa msibani aombolezee marehemu, na mtoto alikua akimsikiliza. Aliyewahi kukesha kwenye kilio hapa kwetu anajua kazi ile inadai nini: kumbukumbu ya majina ya ukoo mzima, mashairi ya papo hapo, na sauti ya kuwashika watu hadi alfajiri. Cheti chake hakuna. Mimi hucheza wimbo wa Wemba na kumwomba bibi mmoja wa parokia aimbe beti moja ya maombolezo kabla yake. Sielezi kitu. Wanasikia sauti inavyopanda na kuvunjika mahali pale pale.

Na kama kuna mtu anasema muziki wa Kanisa na ngoma havikai pamoja, mkumbushe Missa Luba, misa ya Kilatini iliyozaliwa Kamina, hapa hapa Katanga, kwa padri Guido Haazen na kwaya yake, wakaipeleka Ubelgiji mwaka 1958.

Pima ukubwa wa sifa

Baloji ni mtoto wa Lubumbashi, alizaliwa hapa mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akajulikana kwa rap. Filamu aliyoiongoza, Augure, ilipofika kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2023, simu yangu ilijaa: "Mtoto wetu ameshinda Cannes!" Furaha yangu ilikuwa kubwa kama ya kila mtu. Lakini mbele ya watu nilisema hivi: alipata tuzo ya Sauti Mpya katika sehemu iitwayo Un Certain Regard. Cannes ina tuzo nyingi, na ile kubwa ya jani la mtende ni nyingine. Kijana mmoja alinung'unika kwamba naipunguza. Hapana. Tuzo ikitajwa kwa jina lake, mtu anaweza kwenda kuitafuta na akaikuta. Ukiikuza, atakayekwenda kutafuta atakukuta wewe.

Kwa kipimo hicho hicho, ule ujumbe wa WhatsApp kwamba mwimbaji fulani ana akili ya namba 150 na anaongea lugha 9, bila mahali, bila tarehe, bila aliyempima, mimi huuacha ulale kwenye simu.

Mambo madogo yanayookoa jioni

Chukua mwanamuziki mmoja kwa jioni moja, nyimbo zisizidi tatu, na maneno yako yasizidi dakika 40. Nyimbo pakua siku mbili kabla, weka kwenye flashi, maana mega za intaneti huisha na kuran (umeme) hukatika. Betri ya bafle ichajiwe tangu asubuhi. Daima anza na muziki, habari za maisha zije baadaye. Ukianza na tarehe ya kuzaliwa, nusu ya watu wataangalia simu.

Leta kitu cha kushika au kutazama. Kwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, mimi sikucheza piano yake kwanza. Nilichapisha nembo ya Queen kwenye karatasi kubwa na kuwauliza wanaona nini. Simba wawili, kaa mmoja, wasichana wadogo wawili wenye mabawa, ndege mwenye mabawa makubwa juu yao. Kisha nikawaambia: Freddie alisomea uchoraji na usanifu wa michoro pale Ealing, London, na nembo hii aliichora yeye. Simba ni wenzake wawili wa nyota ya Simba, kaa ni Brian May wa nyota ya Kaa, na wale wasichana wenye mabawa ni yeye mwenyewe wa nyota ya Mashuke. Watoto waliinakili kwenye madaftari yao, na mmoja akatuchorea nembo ya kwaya ambayo tunaitumia mpaka leo.

Daftari langu lina safu tatu: niliyoyasikia, niliyoyasoma mahali pawili tofauti, na niliyoyasikia kwenye muziki wenyewe. Yaliyobaki kwenye safu ya kwanza siyasemi kwenye mikro, hata yawe matamu namna gani. Na kila mwezi nafungua mazungumzo kwa masahihisho ya mwezi uliopita. Mwanzoni niliona aibu. Siku hizi watu huwahi kuja ili wasiyakose, na yule mzee wa Kindu hukaa kiti cha mbele, kofia mapajani.

Jumamosi ijayo ni zamu ya Ray Lema. Aliingia seminari akiwa mtoto, akitaka upadri, na huko ndiko vidole vyake vilikojifunza ogani na piano. Alipitia kemia chuo kikuu kabla muziki haujamchukua moja kwa moja, na mwaka 1974 alipewa kuongoza muziki wa Ballet National ya Zaire. Kijana wetu wa harmonium anajifunza kipande cha Bach wiki hii yote, bado anajikwaa kwenye mstari wa tatu. Atakipiga kwanza, kisha tutamcheza Ray Lema, na nitagawa watu tena: wa ukuta mkono wa kulia, wa mwembe mkono wa kushoto. Tunaanza saa kumi kamili, kabla jua halijashuka nyuma ya kanisa.